Soseji ya Kijerumani ndani ya mkate: ipi ni ipi, inaingiza nini mwilini, na kwa nini hupasuka motoni?

Mdadisi_wa_Jiko
Wakuu, naomba ufafanuzi wa kina kuhusu Bratwurst, ile soseji ya Kijerumani inayochomwa na kupachikwa kwenye mkate mdogo. Wengi huielezea kana kwamba ni kitu kimoja Ujerumani nzima, ilhali picha zinasema vingine: huku soseji moja ndefu imechomoza pande zote mbili za mkate, kule tatu nyembamba kama vidole zimelala sambamba.

Nataka kujua zinatofautianaje na desturi hiyo imeanzia wapi. Halafu upande wa lishe: mtu akila moja pamoja na mkate wake na haradali, ameingiza nini mwilini? Na mwisho jikoni: kwa nini soseji hupasuka juu ya wavu, au hutoka kavu na kumeguka kama makapi ilhali nyama ilikuwa na mafuta ya kutosha? Mwenye vipimo aviweke kwa gramu tafadhali, "kiasi" na "kidogo" havinisaidii.

MakaaMeupe
Anza na jina, maana ndilo linalopotosha wengi. Watu hudhani Brat- ni kitenzi *braten*, yaani kuchoma au kukaanga. Sivyo. Inatokana na *Brät*, neno la watu wa bucha kwa nyama iliyokatwakatwa na kusagwa tayari kujazwa kwenye utumbo. Jina linataja kilichomo ndani, moto haumo. Ndiyo maana huko Franken, eneo la kaskazini mwa Bavaria, kuna Bratwurst zinazopikwa taratibu kwenye mchuzi wa siki na vitunguu, na bado ni Bratwurst halali kabisa.

Kwenye mkate, mbili ndizo za kuzijua kwanza. Zote zina jina linalolindwa na Umoja wa Ulaya tangu 2003, kwa hiyo mtu wa mahali pengine hawezi kuliandika tu kwenye pakiti yake.

Ya Thüringen, jimbo la katikati ya Ujerumani, ndiyo ndefu: sentimita 15 hadi 20, gramu 100 hadi 150, nyama imesagwa kwa ulaini wa wastani. Viungo ni chumvi na pilipili manga, kisha kila bucha na mkono wake: kisibiti, majoramu, kitunguu saumu. Maandishi ya zamani kabisa yanayoitaja yanatoka mji wa Arnstadt, mwaka 1404, kwenye hesabu za nyumba ya watawa wa kike: groshi moja (sarafu ya zamani) imetumika kununua matumbo ya Bratwurst. Naupenda ushahidi huu kuliko hadithi zote za wafalme na karamu. Ni mstari wa matumizi ya jikoni, na hakuna anayenunua matumbo ya soseji mahali ambapo soseji yenyewe haijazoeleka.

Mkate wake ni mdogo, una ganda kavu, umepasuliwa ubavuni bila kutenganishwa vipande viwili. Soseji inachomoza kushoto na kulia, na ndivyo inavyotakiwa. Kazi ya mkate hapa ni kuwa kishikio cha kitu cha moto chenye mafuta. Wala haukusudiwi kuifunika soseji. Mtu huanza na ncha mbili tupu, mkate anaufikia baadaye. Wenyeji wa huko jiko la kuchomea huliita *Rost*, na ukisema *Grill* wanajua wewe ni mgeni.

Ya Nürnberg ni fupi: sentimita 7 hadi 9, gramu 20 hadi 25, ndani ya utumbo mwembamba wa kondoo, na ladha inayotangulia ni majoramu. Lazima itengenezwe ndani ya mji wa Nürnberg wenyewe. Mezani huagizwa 6, 8, 10 au 12 pamoja na kabichi iliyochachushwa, ila ya kutembea nayo ni tatu kwenye mkate mmoja: *Drei im Weggla*, yaani "tatu mkateni" kwa lahaja ya huko. Jikoni mwao wenye msimamo huchoma kwa kuni za Buche, mti mgumu wa misitu ya Ulaya ambao moto wake ni mkali na moshi wake hauna ukali.

Hapo jirani kuna Coburg, ambako soseji huchomwa juu ya makoko makavu ya msonobari. Utomvu wake huacha harufu usiyoweza kuipata kwa makaa ya kawaida.

Na mkate wenyewe, usihangaike na jina moja. Kwa ujumla ni *Brötchen*. Bavaria husema *Semmel*, Waswabia *Weckle*, Berlin *Schrippe*, Hamburg *Rundstück*.

Lishe_kwa_Gramu
Hilo la ukubwa alilosema MakaaMeupe ndilo linaloamua karibu kila kitu upande wa lishe. Ukiniuliza "Bratwurst ina kalori ngapi" nitakuuliza kwanza "ya wapi?"

Hesabu ya ile ya Thüringen, soseji mbichi ya gramu 120: takriban kilokalori 330, mafuta gramu 30, protini gramu 16, chumvi gramu 2.2. Mkate wa ngano wa gramu 60: kilokalori 160, wanga gramu 30 hivi, protini gramu 5, chumvi gramu 0.8. Kijiko kikubwa cha haradali: kilokalori 15 tu, lakini kina chumvi karibu nusu gramu. Jumla inafika kilokalori 500, mafuta gramu 31 na chumvi gramu 3.5.

Hesabu ya tatu za Nürnberg, gramu 70 kwa pamoja: soseji zenyewe ni kilokalori 200, mafuta gramu 18, chumvi gramu 1.3. Ukijumlisha mkate uleule na haradali ileile unapata kilokalori 380 na chumvi gramu 2.6.

Hizi ni thamani za kati, kwa kuwa asilimia ya mafuta hutofautiana kati ya bucha na bucha. Sehemu ya mafuta hudondoka motoni, ila usiihesabu sana: soseji iliyochomwa vizuri hupoteza maji zaidi kuliko mafuta.

Sasa kinachonisumbua hasa ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima abaki chini ya gramu 5 kwa siku. Soseji moja ndefu na mkate wake imeshachukua theluthi mbili, na mlaji bado hajagusa chakula kingine. Watu huogopa mafuta kwa sababu wanayaona yakidondoka. Chumvi haionekani, na imo sehemu tatu: kwenye soseji, kwenye mkate, kwenye haradali.

Faida zipo, tusizifiche. Nyama ya nguruwe ni miongoni mwa vyakula vyenye vitamini B1 nyingi, na inaongeza B12 na zinki. Protini ni ya daraja zuri. Kinachokosekana ni nyuzinyuzi: mkate mweupe una kama gramu 2 tu, soseji haina. Kabichi iliyochachushwa inasaidia hapo, ingawa nayo huja na chumvi yake, kwa hiyo ikamuliwe maji kabla ya kuwekwa.

Kuhusu saratani: mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliweka nyama iliyosindikwa kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, hasa ya utumbo mpana. Makadirio yao: kila gramu 50 zinazoliwa *kila siku* huongeza hatari kwa takriban asilimia 18. Neno la kushika ni "kila siku". Chama cha Lishe cha Ujerumani, DGE, tangu 2024 kinashauri nyama na soseji kwa pamoja zisizidi gramu 300 kwa wiki. Kwa kipimo hicho soseji mbili za Thüringen zinakaribia kumaliza fungu la wiki nzima, wakati tatu za Nürnberg hazifiki hata robo yake.

Mdadisi_wa_Jiko
Nashukuru sana. Swali dogo hapo: soseji nyekundu kama Wiener na Bockwurst, nazo huchomwa na kuwekwa kwenye mkate? Na hatari yake ni ileile?

Lishe_kwa_Gramu
Ziwekwe kwenye mkate, lakini zisiende kwenye makaa. Wekundu ule hauishi hata baada ya kupikwa kwa sababu nyama imetiwa chumvi yenye nitriti. Kwa chumvi ya Kijerumani ya kazi hiyo, nitriti ni karibu nusu asilimia, nyingine ni chumvi ya kawaida. Nitriti ikikutana na vipande vya protini kwenye joto kali la wavu, huweza kuzaa nitrosamini, na hizo ndizo zinazohusishwa na saratani. Bratwurst ya kuchoma kwa desturi ni nyeupe, haina nitriti, ndiyo maana ikipikwa huwa ya kijivu ndani na kahawia nje. Kwa hiyo kanuni ni hii: nyeupe motoni, nyekundu kwenye maji moto.

Maji yenyewe yawe nyuzi 75 hadi 80, yasichemke, dakika 8 hadi 10. Yakitokota, ngozi inapasuka na ladha inabaki kwenye sufuria.

Berlin Mashariki walikuwa na namna yao nzuri ya kuitumia Bockwurst, *Ketwurst*, iliyobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1970: mkate haupasuliwi, unatobolewa shimo kwa chuma cha moto, soseji inachovywa kwenye sosi ya nyanya kisha inasukumwa ndani. Shimo linabanika kidogo kwa ndani, kwa hiyo sosi haivuji.

Fundi_wa_Utumbo
Nije kwenye ukavu na kumeguka, maana kosa hilo hutokea saa nyingi kabla ya moto kuwashwa. Kwa kilo 1 ya mtindo wa Thüringen:

nyama ya bega la nguruwe gramu 600, nyama ya tumbo yenye mafuta gramu 400, chumvi gramu 18, pilipili manga ya kusaga gramu 2.5, majoramu kavu gramu 1.5, kisibiti cha kusaga gramu 0.7, basibasi gramu 0.5, punje ndogo 1 ya kitunguu saumu iliyopondwa, maji ya barafu mililita 50.

Kata nyama vipande vya sentimita 3, tandaza kwenye sinia, weka kwenye friza dakika 30 hadi 40 mpaka kingo zianze kuwa ngumu. Kisu na sahani ya mashine navyo viwekwe humo. Saga kwa sahani ya matundu ya milimita 4 au 5. Kwa mtindo wa Nürnberg tumia ya milimita 3. Tia chumvi na viungo, kisha kanda kwa mkono dakika 3 au 4 huku ukiongeza maji ya barafu kidogokidogo.

Hapa ndipo penye siri yote. Chumvi na kukanda huitoa protini kwenye nyama isiyo na mafuta, ikawa gundi. Kipimo chake: chukua donge dogo, libandike kiganjani, geuza mkono. Likining'inia bila kuanguka, iko tayari. Likianguka, endelea kukanda. Lakini nyama ikipata joto kupita nyuzi 12 hivi, mafuta hulainika na kupaka ile protini, gundi haishiki tena. Utaliona kwa macho: badala ya chembe nyeupe zilizojitenga na nyekundu, mchanganyiko unakuwa wa waridi uliofifia, unateleza na kung'aa, na mikono inabaki na utando wa mafuta usiotoka kwa maji baridi. Soseji ya namna hiyo ikifika motoni inaachia mafuta yote kwa mkupuo, ndani yanabaki makapi. Hakuna dawa baada ya hapo. Inatumika kwenye mchuzi tu.

Wanaotaka kupunguza chumvi: shuka mpaka gramu 16 kwa kilo, si chini sana ya hapo, la sivyo gundi inakuwa dhaifu. Ni bora chumvi ipunguzwe kwenye mkate.

Kabla ya kujaza, kaanga donge moja uonje. Baada ya kujaza huwezi kurekebisha kitu.

Matumbo yenye chumvi suuza, kisha loweka dakika 30 kwenye maji ya uvuguvugu na pitisha maji ndani yake. Kipenyo milimita 26 hadi 28 kwa ya nguruwe. Ya kondoo ya milimita 20 hadi 22 kwa zile ndogo. Jaza mpaka soseji ikibonyezwa iache alama kidogo. Ikiwa imekaza kama mpira, itapasuka. Kiputo cha hewa kikionekana, kitoboe kwa sindano nyembamba wakati huohuo.

Soseji mbichi hukaa jokofuni, nyuzi 2 hadi 4, na iliwe kufikia kesho yake. Ukitaka ikae zaidi, ipike kwanza kwenye maji ya nyuzi 72 hadi 75 kwa dakika 20, kisha itumbukize kwenye maji ya barafu na uikaushe ngozi.

MakaaMeupe
Naendelea alipoishia Fundi, sasa upande wa moto.

Kupasuka kuna sababu tatu: utumbo umejazwa kupita kiasi, moto ni mkali mno, au soseji imetoka jokofuni moja kwa moja. Kwa hiyo ya tatu, ngozi inakauka na kukaza wakati katikati bado ni baridi. Mvuke ukianza kutafuta njia, ngozi haina tena unyumbufu. Ilowekwe dakika 10 kwenye maji moto (yasiyochemka), ipanguswe, iende wavuni papo hapo.

Makaa yaachwe mpaka yafunikwe na jivu jeupe, kwa kawaida dakika 30 hadi 40. Wavu uwe sentimita 15 hivi juu yake. Thüringen husugua wavu kwa ngozi ya nyama ya nguruwe yenye mafuta kabla ya kupanga soseji, na ni busara, kwa sababu ngozi ya soseji ikinata, ukigeuza inachanika. Geuza mara kwa mara, tumia koleo na usitumie uma. Nene huchukua dakika 12 hadi 15, za Nürnberg 5 au 6. Katikati pafike nyuzi 70 na pabaki hapo dakika 2. Kwa nyama ya kusaga hili halina mjadala, kwani vijidudu vya juu ya nyama vimeshasagwa vikaingia ndani.

Usiitoboe ikiwa motoni. Sindano ya Fundi ni ya kutoa hewa kwenye soseji mbichi. Motoni kinachotoka ni mchuzi na mafuta, yakidondokea makaa yanatoa moshi mweusi wenye benzopireni, kemikali inayohusishwa na saratani, unaorudi kutua juu ya nyama. Ndimi za moto zikiruka, sogeza soseji pembeni. Wapo wanaonyunyiza bia. Ladha yake karibu yote hupotea na mvuke, na ikimwagikia makaa inarusha jivu juu ya soseji. Sipendekezi.

Unga_550
Mkate naona umepitiwa haraka, na ndio nusu ya chakula. Skonzi laini yenye siagi na sukari haifai: inanyonya mafuta na kuporomoka mkononi. Unga wa ngano gramu 500 (Wajerumani hutumia unga wa daraja la 550), maji mililita 305, chumvi gramu 8, hamira mbichi gramu 10, sukari kijiko kidogo 1. Kanda dakika 10, acha saa 1, gawa madonge 10, yaache tena dakika 40, chana juu kwa wembe. Oveni nyuzi 230, dakika 18 hadi 20, na bakuli la chuma lenye moto chini ulimwagie maji unapoingiza mikate. Bila mvuke ganda linakauka mapema, mkate unashindwa kutanuka na unabaki mzito. Dakika 3 za mwisho fungua mlango kidogo unyevu utoke, ndipo ganda linapolia likibonyezwa. Uliwe siku hiyohiyo.

Bi_Kisibiti
Kwa wasiokula nguruwe: msidanganyike na neno "kuku" au "ng'ombe" kwenye pakiti za Ujerumani. Soseji ya kuku inaweza kuwa na mafuta ya nguruwe, na ya ng'ombe inaweza kuwa ndani ya utumbo wa nguruwe. Someni orodha ya viambato mpaka mwisho: *Schwein* ni nguruwe, *Schweinedarm* ni utumbo wake, *Rind* ni ng'ombe, *Saitling* ni utumbo wa kondoo. Frankfurt wana desturi yao ya soseji ya ng'ombe, *Rindswurst*, inayouzwa na Gref-Völsings tangu 1894. Hiyo ni ya jamii ya nyekundu, kwa hiyo ipashwe kwenye maji.

Wenye mzio nao waangalie: haradali, seleri, maziwa na ngano, kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, lazima vitajwe wazi.

Mdadisi_wa_Jiko
Nimeelewa mpaka ndani. La mwisho: haradali ipi, na inapakwa kwenye mkate au kwenye soseji?

MakaaMeupe
Juu ya soseji, mstari mmoja kwa urefu, ikiwa tayari imekaa kwenye mkate. Ukiipaka kwenye mkate, sehemu laini ya ndani ya mkate inalowa kabla hujafika katikati. Aina ni ile ya ukali wa wastani, *mittelscharf*. Thüringen wanaipenda Born ya Erfurt, Saxony wana Bautz'ner ya mji wa Bautzen. Haradali tamu iache, hiyo ni ya Weißwurst ya München, soseji nyingine ambayo haichomwi wala haiingii kwenye mkate huu.